Enzi ya Watemi wa Ugogo

Tunapowafundisha watoto habari za Ulaya ya kale, huwa hawakosi kutuuliza: "Je, na babu zetu hapa Ugogo walitawaliwa na mabwana kama hao?" Swali hili ni jema, na tumeona vyema kulijibu mbele ya wasomaji wetu pia, kwa kuwa wazee wanaozijua habari hizi wazidi kupungua.

Katika Ulaya ya zamani, yapata miaka elfu iliyopita, utawala ulisimama juu ya ardhi. Mfalme aliwagawia wakuu wake nchi, nao walipiga magoti, wakatia mikono yao ndani ya mikono yake na kuapa kumtumikia vitani. Wakuu hao walijenga ngome, wakaweka askari wa farasi. Chini yao walikuwako wakulima wengi waliofungwa na ardhi ya bwana wao, wasiweze kuhama pasipo ruhusa yake. Katika nchi nyingine ilikuwa desturi kwamba mkulima aliyetoroka, akakaa mjini mwaka mmoja na siku moja bila kukamatwa, huhesabiwa kuwa mtu huru. Basi hapo twaona kwamba uhuru wake ulikuwa katika miguu yake, lakini ilimpasa kuuiba.

Hapa kwetu mambo yalikuwa mbali na hayo. Ugogo haikuwa na mfalme mmoja. Ilikuwa nchi ndogo ndogo nyingi, kila moja na mtemi wake wa ukoo ulioshika nchi ile. Na koo nyingi zasimulia kwamba zilitoka Uhehe na pande nyingine. Wengine husema neno mtemi latokana na kutema pori, wengine husema ni kukata maneno ya watu. Mtemi ndiye aliyetunza mawe ya mvula. Ndiye aliyetuma wajumbe kwa waganga mvua ilipokawia, na kwa idhini yake watu walianza kulima na kuwatia vijana jandoni. Lakini hakuwa na ngome wala jeshi la kudumu. Magomvi mengi yaliamuliwa na wazee wa jirani chini ya mti, kila mwenye kaya akiwa bwana katika tembe lake.

Tena, hakuna aliyefungwa na ardhi. Mvua ikikosa, au jirani wakichukiana, mtu alikusanya ng'ombe zake na watu wake, akahamia nchi ya mtemi mwingine, akajenga na kulima huko. Alichofanya mkulima wa Ulaya usiku kwa hofu, Mgogo alikifanya mchana. Kwa hiyo mtemi mkali angalibaki na mawe yake bila watu. Huu ndio uliokuwa mpaka wa enzi yake.

Kwa wageni alikuwa na nguvu zaidi. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe ilivuka nyika kavu ya Marenga Mkali, ikafika Ugogo na kiu na njaa. Visima na mtama vilikuwa mikononi mwa wenyeji, basi kila mtemi alidai hongo ya nguo, shanga na waya kabla ya kuwapa njia. Burton, aliyepita mwaka 1857, na Stanley, aliyepita mwaka 1871, wote wawili waliandika habari za Magomba, mtemi wa Kanyenye, na hongo yake. Walinung'unika sana, lakini katika nchi yenye ukame, mwenye kisima hudai haki yake.

Wadachi walipoishika nchi, hongo ikakoma. Mwaka 1898 wakaanza kutoza kodi ya nyumba. Kisha ikaja vita ya 1914 hadi 1918, na majeshi ya pande zote mbili yakachukua ng'ombe, nafaka na wapagazi. Mvua nayo ikakosa, na njaa iitwayo Mtunya ikaua watu wengi mno. Fikirini uchungu wa siku zile: mtemi, ambaye kazi yake ilikuwa kuwaombea watu chakula, aliamriwa awatoze chakula hicho hicho!

Waingereza nao, kwa sheria ya mwaka 1926, waliwafanya watemi kuwa wakuu wa serikali za wenyeji, wenye baraza, daftari na mshahara. Mtemi Mazengo wa Mvumi alipata sifa kubwa siku hizo. Lakini sasa nguvu ya mtemi ilitoka juu, bomani. Na mtu akihama, kodi ilimfuata. Mwaka 1963, baada ya uhuru, cheo hicho kikaondolewa katika sheria.

Leo Ikulu ya Tanzania nzima iko Chamwino, katika nchi ile ile iliyokuwa ya watemi wadogo wadogo. Ilifunguliwa mwaka 2023, miaka 50 tangu ilipoamuliwa mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma. Watu hawana tena haja ya kuhama ili wamwonye mtawala, maana wana kura. Lakini jambo walilolijua babu zetu halijabadilika: mtawala hushika nchi kwa sababu watu wamekubali kukaa naye. Tuwafundishe watoto wetu hayo, wasije wakadhani ya kuwa habari za utawala zilianzia Ulaya.