Deni la Msafara na Gharama ya Kusajili Kampuni

Kila baada ya mavuno ya mpunga hapa Bukene naulizwa swali lilelile: kusajili kampuni ni shilingi ngapi? Hesabu nitakupa, ila tuanzie kwenye njia ya msafara, uone kwanza hela hiyo inanunua nini.

Karne ya 19, mfanyabiashara aliyefika Tabora kutafuta pembe za ndovu mara nyingi alikuja na mali ya mkopo. Matajiri wa Kihindi wa Unguja walitoa merikani, ushanga na nyaya za shaba, wapagazi wa Kinyamwezi wakabeba. Tippu Tip alikopeshwa na Taria Topan, na yeye alifanikiwa. Si wote waliofanikiwa. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo alifunga njia ya Tabora kwenda Ujiji. Bidhaa zikakwama, deni halikukwama. Lilikuwa deni la mtu mwenyewe, na akifa, kwa sheria ya Kiislamu, lililipwa katika mali yake kabla warithi hawajagawana hata mbuzi.

Reli ilifika Tabora 1912, na ile ya Mwanza inayopita hapa kwetu ikakamilika 1928. Mzigo ukashuka mabegani mwa wapagazi; deni likabaki palepale, kichwani mwa mwenye duka.

Uingereza, tangu 1855, ilikuwa na sheria iliyomwezesha mwenye hisa kupoteza hisa zake tu, si nyumba yake. Waingereza wakaileta Tanganyika katika Sheria ya Makampuni, Sura ya 212. Tunayotumia leo ni ya 2002, iliyoanza kazi tarehe 1 Machi 2006. Kampuni ikidaiwa, inadaiwa yenyewe. Ng'ombe wako hawaguswi.

Sasa hesabu. BRELA hutoza kufuata mtaji unaoandika. Mtaji usiozidi milioni 1, ada ni 95,000. Ukizidi hapo hadi milioni 5, ni 175,000. Ongeza 66,000 za kuwasilisha nyaraka na 6,200 za ushuru wa stempu. Kwa mtaji mdogo jumla ni 167,200. Maombi ni kwa mtandao na utahitaji namba ya NIDA, kwa hiyo anayekudai nauli ya kupeleka karatasi Dar es Salaam anakula hela yako. Tazama viwango kwenye tovuti ya BRELA kabla hujalipa.

Kinachowaumiza watu ni kinachofuata. Kila mwaka kuna taarifa ya kampuni, 22,000, na ukichelewa faini inahesabiwa kwa mwezi. TRA nayo inataka hesabu zilizothibitishwa na mhasibu anayetambulika, hata kama mwaka huo hukuuza gunia. Mhasibu anaweza kukugharimu kuliko usajili wenyewe.

Jina la biashara ni 20,000 tu, lakini halikukingi: kisheria wewe na duka ni kitu kimoja, kama yule wa msafara. Ukinunua karanga kwa fedha yako taslimu, linakutosha. Ukichukua mzigo wa watu kwa mkopo, au mkichanga mtaji watatu wanne, hapo fikiria kampuni.

Tena angalia unaposaini mkopo wa benki. Mara nyingi mkurugenzi huwekewa karatasi ya kuidhamini kampuni yake yeye binafsi. Ukiisaini, nyumba yako imerudi ndani ya deni. Isome kwanza, na mwenzi wako aisome.