Akiba ya Hiari na Mkanda wa Lazima

Magu ni mji wa Usukuma, mashariki ya Mwanza, kando ya njia iendayo Musoma, karibu na Ghuba ya Speke. Watu wa nchi hiyo hulima pamba na kufuga ng'ombe. Fedha ya pamba huja mara moja kwa mwaka, nayo hukuta haja nyingi zikiisubiri: nguo, sabuni, baiskeli, gharama za shule, na ng'ombe wa kuongeza zizini. Kwa hiyo swali la kipi kinunuliwe na kipi kiachwe si geni huko. Historia yaonyesha kwamba kujinyima ni kwa namna mbili, wala matunda yake hayafanani.

Namna ya kwanza ni ya hiari. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Usukuma walinung'unika kwamba mizani ya wanunuzi wa pamba ilikuwa ikiwapunja. Wakaweka wapimaji wao wenyewe, wasimame sokoni na kuipima pamba. Kutokana na juhudi hizo, chini ya uongozi wa Paul Bomani, vilizaliwa vyama vya wakulima, navyo mwaka 1955 vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions. Mkulima alikatwa senti kadhaa kwa kila ratili aliyouza. Senti hizo zingaliweza kununua shuka au khanga. Badala yake zilisaidia kujenga vinu vya kuchambulia pamba, ambavyo mkulima aliweza kuviona kwa macho na kuviita vyake. Akiba haiozi, wahenga walisema.

Lakini hata hiari huchoka. Mwaka 1966 kamati iliyowekwa na Rais ilivichunguza vyama vya ushirika vya nchi nzima, ikakuta malalamiko mengi ya wakulima juu ya makato na uendeshaji. Mtu akatwapo pasipo kuelezwa fedha yake imekwenda wapi, akiba yake hugeuka kodi.

Oktoba ya mwaka huo huo, wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yangalipunguza mapato yao. Mwalimu Nyerere aliwajibu kwa kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Februari 1967 Azimio la Arusha likawakataza viongozi kupokea mishahara miwili, kuwa na hisa katika makampuni, na kupangisha nyumba. Hoja yake ilikuwa wazi: amwambiaye mwenziwe ajinyime, sharti aanze yeye.

Namna ya pili ni ya lazima. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na katika Operesheni Maduka maduka ya watu binafsi vijijini yakaondolewa ili nafasi yake ishikwe na maduka ya ushirika. Kisha vikaja vita na Idi Amin, 1978 hadi 1979, na baada yake wananchi wakaombwa wafunge mkanda kwa miezi 18. Miezi ikapita, mkanda usilegee. Sukari, sabuni na nguo ziliadimika, na mwaka 1983 ukaanza msako wa wahujumu uchumi. Wakati huo shilingi ya pamba ilimfaa nini mkulima, ikiwa duka halikuwa na kitu? Asiye na cha kununua hana sababu ya kuongeza shamba. Wakulima wengi waliona heri kulima chakula. Mwaka 1984 Serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuleta bidhaa, na maduka yakaanza tena kujaa.

Basi, isidhaniwe kuwa uhaba huzaa uwekaji akiba. Mkulima wa 1955 na yule wa 1983 wote wawili walikosa khanga. Lakini wa kwanza aliiacha dukani kwa kutaka kinu, na wa pili hakuikuta. Leo masoko ya Usukuma yamejaa mitumba, simu na pikipiki, na kazi ya kukataa imemrudia mtu mwenyewe. Atakayeazimia kupunguza matumizi yampasa kwanza ajue anaweka kwa ajili ya nini, nani anashika hesabu, na lini ataiona faida. Asipoyajua hayo, azimio lake halitafika msimu wa pili.