Klabu za 4-K

Klabu za 4-K ni vyama vya wanafunzi nchini Kenya vinavyofundisha kilimo kwa vitendo. Jina linatokana na maneno manne: Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Zilianzishwa mwaka 1962 kwa mfano wa 4-H ya Marekani, zikafifia baadaye, kisha zikazinduliwa upya mwaka 2021.

Bustani ya shule ndiyo darasa lao bora. Mtoto husia mbegu za sukuma wiki kitaluni, huhamisha miche jioni ili isinyauke kwa jua, na huweka matandazo ya nyasi kuhifadhi unyevu. Hapo sayansi ya mimea huonekana kwa macho: mche uliofunikwa gizani hurefuka, ukawa mwembamba na wa manjano, kwa kuwa hukosa mwanga wa kutengeneza klorofili. Ukirudishwa mwangani mapema, majani yake huanza kuwa kijani.