Kenya ya 1925 Ndani ya Sanduku la Mchezo

Mwaka 1984 kampuni ya Chaosium ya California ilitoa sanduku la mchezo lililoitwa Masks of Nyarlathotep. Ndani mlikuwa na vijitabu vya mwendesha mchezo pamoja na karatasi za kugawiwa wachezaji: barua, vipande vya magazeti, hata ganda la kiberiti cha baa moja ya Shanghai. Watunzi wake, Larry DiTillio na Lynn Willis, waliwazungusha wachezaji New York, London, Kairo, Kenya na Shanghai, kuanzia Januari 1925. Kwa mkusanyaji anayeishi Thika au Ruiru, hiyo sura ya Kenya ni sababu tosha ya kuanzia hapa na kuyaacha majoka ya Dungeons & Dragons, yaliyotangulia mwaka 1974, yamsubiri.

Sanduku hilo ni nyongeza ya mchezo mwingine, Call of Cthulhu, uliotungwa na Sandy Petersen na kutoka mwaka 1981. Mchezaji mmoja, ndiye mwendesha mchezo, anasimulia na kuwaigiza watu wote wa kando. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, mwenye ujuzi uliopimwa kwa asilimia. Ukitaka kujua kama mhusika wako amefaulu jambo, unarusha dadu mbili za pande kumi, moja ya makumi na nyingine ya mamoja. Mwenye 60 katika kupekua maktaba hufaulu akipata 60 au chini yake. Kuna pia hesabu ya utimamu wa akili, ambayo hupungua kila anapokutana na la kutisha, mpaka hatimaye anarukwa na akili kabisa. Vitisho vyenyewe vinatoka katika hadithi za H. P. Lovecraft, Mmarekani aliyefariki 1937, ambaye Afrika hakuikanyaga lakini aliiogopa sana kwenye karatasi.

Ukikusanya matoleo kwa kufuatana unaona kazi ikinenepa. La 1996 ni kitabu kimoja kilichoongezwa Australia. La 2018 ni majuzuu mawili yenye kurasa zaidi ya 600, limeandikwa upya kwa kiasi kikubwa na linaanzia Peru. Katikati kuna Secrets of Kenya ya David Conyers, ya mwaka 2007, inayohusu koloni letu la miaka ya 1920 peke yake. Sanduku la 1984 ndilo gumu kulipata likiwa kamili, kwa kuwa karatasi za kugawiwa zilikuwa za kutumika: zilikatwa kwa makasi, zikapita mikono mingi na kumwagikiwa chai. Asiye na haja ya sanduku hununua nakala ya kielektroniki, akaichapisha saiba na kuifungisha kwa waya.

Kisa chenyewe ni cha tajiri wa Marekani, Roger Carlyle, ambaye msafara wake ulipotea Kenya mwaka 1919. Mabaki ya watu yalikutwa kando ya msitu wa Aberdare, huko huko zinakochimbuka Chania na Thika kabla ya kuteremka kwenye maporomoko ya Blue Posts. Wachezaji hufika Nairobi kuutafuta ukweli, na anayewasaidia ni Johnstone Kenyatta, yaani Jomo, mwana wa Gatundu. Yeye ndiye anayewapeleka kwa mganga mzee, Bundari.

Hapo ndipo ninapowalaumu watunzi. Wamempata mtu halisi, kisha wakamfanya mlango wa kumfikia mganga. Kenyatta wa 1925 alikuwa mwajiriwa wa idara ya maji ya manispaa ya Nairobi, na kazi yake mojawapo ilikuwa kusoma mita. Kwa mchezo wa upelelezi huwezi kubuni kazi nzuri kuliko hiyo: Mwafrika aliyeruhusiwa kupita kwenye boma la Mzungu na duka la Mhindi, daftari mkononi, bila kuulizwa anatafuta nini. Ilipofika 1928 alikuwa katibu mkuu wa chama cha Kikuyu Central Association na mhariri wa gazeti lake, Muigwithania. Katika sura ile, Waafrika wengi waliobaki ni wafuasi wa dhehebu la damu au watu wa kuelekeza njia. Ni ile Kenya ya vitabu vya walowezi. The Flame Trees of Thika ya Elspeth Huxley ilitoka 1959, na mfululizo wake wa televisheni ulionyeshwa mwaka uleule wa 1981 Call of Cthulhu ulipotoka.

Wangalitazama kati ya Ruiru na Thika, wangalimkuta tajiri wao tayari. Pale Juja alikaa William Northrup McMillan, Mmarekani mzaliwa wa St. Louis, aliyemkaribisha Theodore Roosevelt shambani kwake mwaka 1909, alipokuja na msafara wa kuwindia jumba la makumbusho la Smithsonian. McMillan alifariki mwaka 1925, mwaka wa mchezo. Alitaka azikwe juu ya Ol Donyo Sabuk. Husimuliwa kwamba mtambo uliovuta jeneza ulishindwa na mlima, akazikwa mteremkoni, na kaburi lipo mpaka leo. Mwendesha mchezo hana la kuongeza hapo ila ukungu.

Thika ya wakati huo haikuwa pori. Reli iliifikia mwaka 1913. Katani na kahawa vilipakiwa stesheni na vibarua wenye kipande kilichoning'inia shingoni. Wengi walikumbuka risasi za Machi 1922 jijini Nairobi, umati ulipodai mwanaharakati Harry Thuku aachiliwe na Mary Muthoni Nyanjiru akauawa. Halafu kulikuwa na mugumo. Utabiri unaohusishwa na Mugo wa Kibiro ulisema mti huo wa Thika ukianguka, utawala wa wageni umekwisha. Waingereza, kwa mujibu wa masimulizi, waliuzungushia chuma ili usianguke. Ulianguka 1963. Serikali ya kikoloni kuujengea mti kinga dhidi ya maneno ya mwonaji ni kisa ambacho Lovecraft angekitamani, tena hakihitaji mnyama mwenye mikono ya pweza.

Kwa hiyo nyongeza inayokosekana kwenye rafu ni ya Thika na Juja, na anayefaa kuiandika ni mtu wa huku. Vifaa anavyo karibu. Maktaba ya McMillan jijini Nairobi, iliyofunguliwa 1931 kwa kumbukumbu ya yuleyule tajiri wa Juja, ina majalada ya magazeti ya enzi hiyo. Kwa miongo kadhaa Mwafrika hakuruhusiwa kusoma ndani yake, kanuni ambayo mhusika wa mchezo mwenye 60 ya kupekua maktaba angekutana nayo mlangoni, kabla hata hajarusha dadu.