Wasomaji wa Litein

Pale steji ya Litein, matatu za Kericho zikipakia upande mmoja na za Sotik upande wa pili, huwa kuna mhubiri mwenye spika. Anahubiri kwa Kiswahili, mwenzake anatafsiri kwa Kikipsigis, na katikati yao makanga anaita abiria kwa sauti ile ile ya hukumu. Mimi hupita mbio. Si kwamba namdharau. Naogopa asije akaninyooshea kidole na kuuliza swali ambalo kogo, nyanya yangu mzaa baba, amekuwa akiniuliza tangu niache chuo kikuu mwaka wa tatu: "Wewe, umeokoka?"

Siku hizi naishi kwake. Naandika makala za kulipwa kwa neno, na ukilipwa hivyo unaanza kuyatazama maneno kama mkulima anavyotazama mizani kwenye kituo cha chai. Ndiyo maana nikaamua kulifuata hili moja, kuokoka, nijue lilipitia wapi likafika huku.

Nyayo zake zilinipeleka Ukambani kwanza. Mwaka 1895 kijana anayeitwa Peter Cameron Scott alishuka Mombasa na kikundi kidogo cha wamishonari wa Africa Inland Mission, wakapanda bara hadi Nzaui. Mwishoni mwa 1896 Scott alikuwa ameshakufa kwa homa. Mmoja wa wenzake, Willis Hotchkiss, alibaki akihangaika na kazi ambayo hakuna chuo kilichomfunza: kutafuta neno la Kikamba la "kuokoa". Chungu unakionyesha kwa kidole ukatajiwa jina. Mbuzi vilevile. Kuokoa utakuonyesha wapi? Alitafuta zaidi ya miaka miwili, na bila neno hilo hangeweza kusema kile hasa kilichomtoa kwao.

Alilipata jioni moja kando ya moto. Mkamba anayeitwa Kikuvi alikuwa akisimulia jinsi simba alivyomrukia mmishonari mwenzao, Krieger, na jinsi yeye Kikuvi alivyomfukuza simba huyo. Katika kusimulia akasema kwamba bwana yule aliokolewa na Kikuvi. Hotchkiss akaruka: neno ndilo hilo!

Ngoja kidogo hapo. Mzungu amesafiri baharini kuja kuwaambia watu habari za wokovu, na neno lenyewe anapewa na Mwafrika aliyetoka kumwokoa Mzungu. Hotchkiss mwenyewe aliisimulia habari hii kwa furaha, akimshukuru Mungu. Mimi niliposoma nilicheka peke yangu hadi kogo akauliza kuna nini.

Baadaye Hotchkiss alishirikiana na Marafiki, wale Wakweka, kuanzisha misheni ya Kaimosi mwaka 1902, kisha akaja huku kwetu akaanzisha Lumbwa Industrial Mission. "Lumbwa" ndilo jina ambalo wageni walitubandika, na wazee hawakulipenda. Lakini jina lilikuwa jambo dogo. Mwaka 1905 jeshi la Waingereza liliwashambulia Wakipsigis wa Sotik, likaua watu na kuswaga ng'ombe. Oktoba mwaka huo huo, kwa ndugu zetu Wanandi, Koitalel arap Samoei aliitwa kwenye mazungumzo ya amani akapigwa risasi. Kwa hiyo mtu aliyesimama miaka ile mbele ya Wakipsigis kuwaambia kwamba wanahitaji kuokolewa, wangeweza kumuuliza vizuri tu: kutoka kwa nani?

Africa Inland Mission ilifungua kituo Litein mwaka 1924, wakati ule ule ambapo kampuni za chai zilikuwa zinaingia Kericho. Hospitali iliyopo leo ilianza kama zahanati ya misheni hiyo. Siwezi kuitazama injili ya Litein bila kuona na ile chai nyuma yake. Kogo yeye anaweza. Anasema shamba walichukua, lakini kusoma hawakuchukua, walileta.

Na hapo ndipo naona wengi wetu tunakosea historia hii. Tunaongea kana kwamba Wakipsigis walikuwa kimya kuhusu Mungu mpaka spika ilipowashwa. Kila boma lilikuwa na mabwaita, madhabahu ya matawi upande wa mashariki wa nyumba, na watu walisali hapo nje, jua likichomoza, majirani wakiona. Ibada ya wote ilifanyika kapkoros, juu kilimani. Imani ya hadharani haikuwa jambo geni. Jambo geni lilikuwa kitabu. Buganda waongofu waliitwa abasomi, Ugikuyu wakaitwa athomi, yote maana yake wasomaji. Kuamini na kusoma lilikuwa tendo moja, na mtu alijulikana ameokoka kwa alichobeba kwapani.

Biblia nzima kwa Kinandi, ambayo Mkipsigis anaielewa vizuri, ilikamilika mwishoni mwa miaka ya 1930. Jina la Stuart Bryson wa Africa Inland Mission ndilo hutajwa kwanza, lakini alikuwa na Wanandi kama Ezekiel Birech na Samuel Gimnyigei. Bila shaka nao walikaa jioni nyingi wakibishana neno lipi lifae. Sijui kwa nini hatuna barabara hata moja ya Litein yenye majina hayo.

Kogo alijifunza kusoma akiwa msichana, kwenye darasa la kanisa. Siku alipomaliza ukurasa wake wa kwanza bila kukwama, alikwenda moja kwa moja kwa baba yake, aliyekuwa amesimama kando ya mabwaita, akamsomea. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nimesikia. Sasa kachunge ndama."

Alimsomea kwa miaka. Mzee hakukataa kusikiliza hata siku moja, na hakubatizwa. Alikufa hivyo hivyo. Kogo hunisimulia mpaka kwenye ndama, tunacheka, halafu anabadilisha mazungumzo. Ile sehemu ya mwisho nilihadithiwa na shangazi. Tangu nilipoisikia, lile swali lake la kila siku sikulisikia tena kama kelele ya steji.

Sasa macho yake yana ukungu. Mwaka jana aliniwekea Biblia ya Kikalenjin mapajani akasema nimsomee, maana mimi ndiye msomi wa nyumba. Msomi! Nililelewa Nakuru, na lugha yetu naisoma kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Tunakaa nje, upande unaopata jua la asubuhi. Nikikosea, ananirekebisha kabla sijamaliza neno, kwa sababu sura nyingi anazijua kwa kichwa. Anachohitaji si macho yangu, nadhani.

Juzi tulikuwa kwa Zakayo, kwenye Luka. Wanawake wawili waliokuwa wanapeleka majani chai kituoni walitua vikapu vyao kwenye ua wakasikiliza. Wakati wa kuondoka mmoja akaniuliza kama mimi ni mchungaji mpya. Nilifungua mdomo nijieleze, kuhusu chuo, kuhusu makala, kuhusu mambo ninayoamini na yale ambayo bado sijaweza.

"Ni mjukuu wangu," kogo akajibu. "Rudia pale kwenye mti. Uliruka mstari."

Nikarudi kwenye mti. Wanawake wale walikuwa bado hawajainua vikapu.