Meno ya Nakuru, dawa ya Jinja

Mtu aliyekulia Nakuru akicheka tu, Mkenya mwenzake anajua ametoka wapi. Wengine meno yetu ni kahawia iliyokolea, wengine yana mistari, wengine yana madoa meupe kama chokaa. Tulipovuka Malaba mwanzoni mwa 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, na kuwekwa Mulanda huku Tororo kabla ya kuletwa Kiryandongo, wengi tulikuwa tumeacha karatasi zote kwenye nyumba zilizoungua. Meno tulikuja nayo. Sokoni Mbale, ambako nilikuwa naenda kutafuta kibarua, mama mmoja muuza nyanya aliniangalia mdomoni kabla sijamaliza salamu. "Wewe ni wa Nakuru, mwanangu." Akanifungia nyanya, pesa akakataa.

Lakini meno hayo hayo yametutia aibu pia. Kijana mmoja wa shirika, alipokuja kufundisha usafi, aliwasimamisha watoto wetu wawili mbele ya wenzao kuonyesha meno ya mtu asiyepiga mswaki. Naandika haya kwa ajili ya watoto wale, na kwa ajili ya kijana yule pia, maana hakuwa na ubaya. Hakuambiwa tu.

Rangi ile si uchafu. Inatokana na maji. Bonde la Ufa ni nchi ya volkano, na mawe yake yana madini yanayoitwa floraidi. Maji yakikaa chini ardhini kwenye mawe hayo, yanayabeba. Floraidi kidogo inasaidia meno yasioze, ndiyo maana inatiwa kwenye dawa ya meno. Ikizidi, inaharibu gamba la jino wakati jino bado linajengwa ndani ya fizi. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Nakuru vinapita hapo. Jino linatoka likiwa na vitundu vidogo vidogo, kisha rangi inaingia humo. Mtoto akishafika miaka 8 hivi, magamba ya karibu meno yake yote yameshajengwa. Mtu mzima ukimpeleka Nakuru leo, anywe maji yale miaka 20, meno yake ya mbele hayatageuka hivyo.

Wala si sisi peke yetu. Karibu na Arusha, Tanzania, kuna mto na mji unaoitwa Maji ya Chai, na meno ya watu wa kule yanajulikana. Ndugu zangu Wakongo mliovukia Mpondwe, hata hapo yapo: mtaalamu Rwenyonyi wa Makerere na wenzake walipima watoto wa Kasese na Kisoro miaka ya 1990, wakalinganisha waliokunywa maji ya miligramu 0.5 na waliokunywa ya 2.5. Mpondwe ilikuwa kwenye kundi la 0.5. (Na akina mama wanaotia magadi kwenye maharage wajue kwamba magadi nayo huwa na floraidi.)

Sasa nije kwenye dawa. Siku hizi Jinja na hata Mbale utaona mabango ya kung'arisha meno: bibi harusi, meno meupe, saa moja tu. Watu wanadhani ni urembo wa juzi ulioletwa na simu. Kumbe sehemu kubwa ya historia yake inaanzia kwa watu kama sisi. Mwaka 1901 daktari wa meno kijana, Frederick McKay, alifika Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji wana meno ya kahawia. Alihangaika na jambo hilo miaka 30. Mwaka 1931 mkemia H. V. Churchill, wa kampuni ya alumini, alipima maji ya mji wa Bauxite, Arkansas, ambako meno yalikuwa vilevile, akakuta floraidi. Kabla hata sababu haijajulikana, mwaka 1916, daktari Walter Kane wa Colorado Springs alikuwa ameshaanza kuyatoa madoa kwa asidi na joto. Mwaka 1937 daktari Ames akaandika juu ya kutumia peroksaidi kali iliyochanganywa na etha, tena kwa joto, kwa meno hayohayo ya floraidi. Peroksaidi yenyewe ilikuwa ya zamani. Mfaransa Thénard aliitengeneza 1818. Jeli ya kuvaa usiku nyumbani ilikuja kuandikwa na Haywood na Heymann mwaka 1989, na hapo ndipo biashara ya urembo ilipofunguka kweli.

Mpwa wangu anauza nguo Jinja. Alivuka mpaka akiwa na miaka 5. Meno yake ya mbele ni kahawia, lakini ya nyuma kabisa ni afadhali, kwa sababu hayo yalimalizia kujengwa huku Uganda. Mdogo wake aliyezaliwa Kiryandongo meno yake ni meupe. Nyumba moja, mswaki wa aina moja. Mpwa wangu anaolewa, akaniambia, "Mjomba, nisindikize kwa daktari."

Daktari alikuwa mkweli, nashukuru. Watu wa Jinja wanakunywa maji ya Ziwa Victoria, yenye floraidi kidogo, kwa hiyo meno kama yetu hayaoni kila siku. Alieleza hivi: fizi zinafunikwa kwa utomvu unaokaushwa na taa, kisha inapakwa jeli yenye peroksaidi kama asilimia 35, dakika 15 au 20, inafutwa, inarudiwa mara mbili au tatu. Ile ya famasi ya kuoshea vidonda ni asilimia 3, kwa hiyo hesabu mwenyewe. Ikigusa fizi inaunguza. Jumuiya ya Ulaya tangu 2012 imekataza bidhaa za kung'arisha meno zenye zaidi ya asilimia 6, na hata hizo za kuzidi 0.1 lazima zianzie kwa daktari wa meno, tena si kwa walio chini ya miaka 18. Kwa hiyo vijana wa Bweyale mnaonunua jeli isiyo na jina barabarani, muwe macho. Na mkaa na mchanga vinakwangua gamba, na sisi gamba letu tayari ni dhaifu.

Jeli inapunguza ukahawia. Madoa meupe haiyatoi, na mashimo lazima yazibwe. Kwa mpwa wangu daktari alisema aanze na kusugua juu juu kwa asidi hafifu na unga wa jiwe, halafu ndiyo jeli. Meno yatauma kwa baridi siku moja mbili, na chai aiache kidogo. Bei inazidi kodi ya chumba chake, atalipa kwa awamu.

Mimi yangu nayaacha. Yake ni yake, na sikumwambia neno. Daktari akatoa kibao chenye meno ya mfano, yamepangwa kutoka jeupe hadi la njano, akalisogeza karibu na mdomo wake. Rangi yake haikuwepo. Akamuuliza anataka ipi. Mpwa wangu aliruka mbili za kwanza, akagusa ya tatu, na daktari akaiandika kwenye faili.