Kipimo cha saa mbili kinachofichua kisukari kilichojificha

SUKARI ya damu inayopimwa asubuhi, kabla ya mtu kutia chochote kinywani, huweza kuwa sawa kabisa ilhali mwili wake umekwisha kuanza kushindwa na sukari anayokula. Hapo ndipo wataalamu wa afya hutumia kipimo cha uvumilivu wa glukosi.

Kwa mkazi wa Ndalu, eneo la Tongaren katika Kaunti ya Bungoma, kipimo hiki humaanisha safari ya alfajiri kwenda hospitali kubwa ya Kitale au Bungoma akiwa na njaa. Wengi hata hawajafikia hatua hiyo: uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulibaini kuwa karibu Wakenya 9 kati ya 10 hawakuwa wamewahi kupimwa sukari ya damu.

Anayepimwa hula kama kawaida, bila kujinyima ugali wala viazi, kwa siku tatu zinazotangulia. Kisha hufunga usiku kucha, saa 8 hadi 14, maji tu yakiruhusiwa. Baada ya damu ya kwanza kutolewa, hunywa gramu 75 za glukosi zilizoyeyushwa majini, akizimaliza kwa dakika 5. Hutakiwa kuketi pasipo kuvuta sigara wala kutembea huku na huko hadi damu itolewe tena baada ya saa mbili.

Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani (WHO), milimoli 11.1 kwa lita au zaidi baada ya saa mbili, au 7.0 na zaidi kabla ya kunywa, ni kisukari, ingawa asiye na dalili hurudiwa kupimwa siku nyingine. Aliye kati ya 7.8 na 11.0 baada ya saa mbili huhesabiwa kuwa na uvumilivu hafifu wa glukosi. Huyu si mgonjwa bado, lakini yumo njiani.

Kundi hili si dogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliowapima Waluo, Wakamba na Wamaasai wa mijini na mashambani kwa kinywaji hiki, ulionyesha kuwa asilimia 4.2 walikuwa na kisukari na asilimia 12.0 walikuwa na uvumilivu hafifu.

Jinsi sukari inavyopanda na kushuka pia ina maana. Kwa mwenye afya, hufikia kilele kati ya nusu saa na saa moja, insulini ikilizuia ini kumwaga sukari na kuihimiza misuli kuipokea. Kwa baadhi ya watu hushuka, kisha hupanda tena kidogo. Hao kwa kawaida huitikia insulini vizuri kuliko wenye kilele kimoja. Kilele kinachochelewa ni ishara kwamba kongosho haitoi insulini kwa wakati. Mnamo 2024 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari (IDF) lilipendekeza damu ya saa moja itumiwe pia: 8.6 ni dalili ya hatari, na 11.6 ni kisukari. Pendekezo hilo likikubalika, mgonjwa atapunguziwa saa nzima ya kungoja.

Kuna wanaouliza kwa nini kisitumike kipimo cha himoglobini yenye sukari, ambacho hakihitaji kufunga. Magharibi mwa Kenya kuna malaria na selimundu, na chembe nyekundu zinazokufa mapema huweza kushusha jibu hilo na kumpa mtu faraja ya uongo. Damu ya glukosi nayo ina udhaifu wake. Ikiachwa katika chupa isiyo na dawa ya kuihifadhi, chembe huendelea kula sukari, na kiwango hupungua kwa takriban asilimia 5 hadi 7 kila saa. Sampuli iliyosafirishwa kwa pikipiki juani haiaminiki.

Kumtambua mtu mapema kuna faida iliyothibitishwa. Mjini Da Qing, China, watu 577 wenye uvumilivu hafifu waliingizwa katika utafiti mwaka 1986, baadhi wakielekezwa kubadili ulaji na kufanya mazoezi kwa miaka sita. Matokeo ya miaka 30, yaliyotolewa 2019, yalionyesha kuwa kisukari kiliwachelewa kwa karibu miaka minne, na maradhi ya moyo na mishipa yakapungua.

Kwa wajawazito viwango ni vya chini zaidi: 5.1 kabla ya kunywa, 10.0 baada ya saa moja au 8.5 baada ya saa mbili, na moja tu kati ya hivyo hutosha. Utafiti wa wajawazito 616 wa magharibi mwa Kenya, uliochapishwa 2017, uligundua kuwa hakuna kipimo chepesi hata kimoja kilichoweza kuchukua nafasi ya hiki. Sukari ya mimba huondoka kwa wengi baada ya kujifungua, lakini hatari ya kisukari hubaki juu, hivyo mama hushauriwa kurudia kinywaji cha gramu 75 kati ya wiki ya 6 na ya 12, wakati ambapo kwa kawaida kliniki humwona akija kumchanja mtoto tu.